Nyinyi Marafiki Zake, Mlikuwa Wapi?

"Simameni tuwaone."

Aliyesema hivyo ni baba mdogo wa marehemu, mzee mwenye koti zito la kijivu na daftari la rambirambi kwapani. Sisi tulikuwa tumekaa mwisho kabisa wa turubai, vijana tuliosafiri usiku kucha kwa Coaster ya kukodi kutoka Dar, nguo zimejikunja na miguu imevimba. Tukasimama. Viti vya plastiki vikakwaruza changarawe, msiba mzima ukageuka kututazama.

"Hawa ndio aliokuwa akiishi nao huko mjini," akawaambia waombolezaji. Halafu akatugeukia sisi, sauti ikashuka, ila kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake na kila mtu akasikia. "Sasa wanangu, nyinyi mlikuwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mama mmoja upande wa jikoni akaanzisha pambio, wenzake wakadakia, na pambio lile ndilo lililotukalisha chini.

Swali hilo limenikaa kooni miezi hii yote. Mwanzoni nilitaka kuandika jinsi lilivyotuumiza. Lakini mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakwenda kumzika mtoto wa kaka yake, na alichouliza ndicho kila mmoja wetu alichokuwa akijiuliza kimoyomoyo tangu tulipovuka Mikumi gizani. Tofauti ni kwamba yeye alikitamka.

Jina la rafiki yetu sitaliandika, wala mji wa kwao. Wala sitasema alifanyaje. Ukisema tu kwamba fulani amejiua, watu wanauliza hilo kwanza, kabla hata ya pole. Shirika la Afya Duniani huwasihi waandishi wa habari wasieleze njia, kwa kuwa maelezo hayo yanaweza kumfikia mtu ambaye usiku huohuo anapambana na nafsi yake. Mimi si mwandishi wa habari, ila nimeona niliheshimu ombi hilo.

## Baada ya kuugua kwa muda mfupi

Wasifu wa marehemu ulisomwa na binamu yake. Kuzaliwa, kubatizwa, shule ya msingi, kidato cha nne, kidato cha sita, chuo Morogoro. Kikafika kile kipengele tulichokuwa tunakisubiri huku tumeinamisha vichwa. "Marehemu alifariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Basi.

Siwalaumu. Usiku wa kuamkia maziko wazee wa kanisa walikaa kikao kirefu, na walichoafikiana ni kwamba mchungaji atakuja nyumbani kuomba na familia, lakini jeneza halitapita kanisani. Mzazi akishaambiwa kwamba mwanawe atazikwa kwa makubaliano, ataandika lolote la kumsitiri.

Ila sisi tulijua, na wao walijua kwamba tunajua. Tukawa watu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Shangazi mmoja alitupitishia chai na maandazi, akainama kama anayetafuta kikombe, akanong'ona, "Huko mtandaoni msiandike kitu, wanangu." Tukaitikia. Kwa hiyo tulipanda Coaster kurudi tukiwa na siri ya familia isiyo yetu, na mazungumzo yakaanzia mahali ambapo sikutarajia kabisa.

Yuko wapi sasa?

Kuna dhana kwamba vijana wa siku hizi hawana habari na mambo ya mbinguni. Panda nao gari moja wakitoka kumzika mwenzao. Kuanzia Mafinga hadi Iringa mjini hakuna aliyelala. Mwenzetu mmoja ambaye tangu chuo tunamwita Shehe, kwa sababu alikuwa mtu pekee hosteli nzima aliyeamka alfajiri kwa hiari yake, alieleza aliyofundishwa na ustadhi wake: kwamba kujiua ni dhambi kubwa, Qur'ani imekataza katika Suratun Nisaa, na ipo hadithi kwamba Mtume hakumswalia mtu aliyejiua. "Lakini msiishie hapo kama wengi wanavyoishia," akasema. "Wanazuoni wengi wanasema Waislamu wanamswalia. Anaoshwa, anakafiniwa, anaombewa kama maiti yoyote ya Kiislamu. Hukumu yake iko kwa Mola wake."

Dada mmoja Mkatoliki akatoa simu, akatafuta Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa lake, akatusomea namba 2282 na 2283. Kwamba matatizo makubwa ya akili, au hofu kuu ya mateso, yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, na kwamba Kanisa linawaombea. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliwanyima watu hawa maziko ya kanisa. Zilipoandikwa upya mwaka 1983, wakaondolewa kwenye orodha hiyo.

"Sasa kwa nini jeneza halikuingia kanisani?" akauliza mmoja wetu aliyesali kanisa moja na marehemu tangu utotoni.

Halikuwa kanisa Katoliki, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la kumpa. Alilia mpaka Ruaha Mbuyuni. Ndiyo mara ya kwanza nilielewa kwamba kilichomuuma zaidi siku ile hakikuwa kaburi, kilikuwa ule mlango wa kanisa uliofungwa.

## Kila mtu na sababu yake

Wiki zilizofuata tulifanya kazi ya upelelezi.

Kundi letu la WhatsApp, ambalo kazi yake ilikuwa michango ya harusi na kupeana matokeo ya mpira, likageuka ofisi ya makosa ya jinai. Watu walipekua ujumbe wa nyuma. Mmoja akakumbuka kwamba mwezi uliopita alicheka kwa namna isiyo ya kawaida. Mwingine akakumbuka kwamba alirudisha shati aliloazima tangu mwaka jana, na shati likawa ushahidi.

Zikatoka sababu. Ya kwanza ilikuwa mikopo, ile ya mtandaoni tunayoiita kausha damu. Sote tuliwahi kupokea ujumbe kutoka namba tusiyoijua: mwambie fulani alipe deni lake, la sivyo. Ndiyo kazi za programu zile, zinakula orodha yote ya majina kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa wanaaibishwa pamoja nawe mama yako, mwalimu wako wa zamani na fundi wako wa viatu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kwa hiyo sababu hii ilikuwa na uzito, na mimi nilikuwa upande wake.

Ya pili ilikuwa mapenzi. Ya tatu ajira: miaka mitatu ya kupeleka bahasha za vyeti huku anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Ya nne mikeka ya kubeti. Na dada mmoja, ambaye nadhani ndiye aliyempenda kuliko sisi wote, alisema karogwa, na hakutaka kusikia kingine.

Ilinichukua muda kuona kilichokuwa kikiendelea. Aliyeshikilia mikopo kuliko wote alikuwa mwenyewe anadaiwa. Aliyeshikilia mapenzi alikuwa ametoka kuachwa. Wa ajira alikuwa ndiyo kwanza amerudi kwenye usaili wa watu mia kadhaa kwa nafasi mbili. Na yule wa kurogwa, nadhani alihitaji mkono wa mtu wa tatu, kwa sababu mkono wa mtu wa tatu unafuta uwezekano kwamba rafiki yake alituacha.

Kila sababu ilikuwa na sura ya mwenye nayo.

Sisemi kwamba zilikuwa za uongo. Madeni yalikuwepo, mchumba alikuwepo na akaondoka, ajira haikuwepo. Lakini waliokopa kausha damu nchi hii ni wengi mno, na karibu wote wako hai, wanalipa kwa kusuasua na kubadili laini. Walioachwa ndiyo usiseme. Wanaoshughulika na afya ya akili wanasema ni nadra jambo moja peke yake kumfikisha mtu pale. Mara nyingi ni sonona isiyotibiwa, au pombe, au aibu, au vyote hivyo, vikikutana na pigo la wiki ile. Sababu moja ni tamu kwa sababu inakwisha kusemwa. Ukishasema "deni," unaweza kwenda kulala.

Kinachonitisha zaidi ni masikio ya anayesikiliza. Ukirudia mara kumi mbele ya kijana mwenye madeni kwamba fulani alijiua kwa sababu ya madeni, unakuwa umemfundisha nini?

## Shilingi mia tano

Mweka hazina wetu hakuwa na sababu yoyote. Yeye alikuwa na ujumbe.

Tulikuwa Sinza, mezani, soda zimeshapata moto, akatuwekea simu katikati bila kusema neno. Mazungumzo yake ya mwisho na marehemu. Mstari wa mwisho kabisa ni wa kwake: "Kaka ile elfu ishirini vipi?" Tiki mbili za bluu. Chini yake hakuna kitu.

Tukamrukia wote kwa pamoja. Siyo kosa lako. Usijilaumu. Hata mimi alikuwa ananidai, hata mimi nilikuwa namdai. Maneno yale yalitoka haraka mno, na nilimwona akiyapokea kama mtu anayepewa chenji pungufu na hataki ugomvi. Akachukua simu yake, akaiweka mfukoni. Baadaye sana ndipo nesi mmoja, nitamfikia, alituambia kitu ambacho bado nakitafuna: kumwambia mtu "siyo kosa lako" kabla hajamaliza kusimulia ni kumnyamazisha. Mwacheni aseme yote. Aseme elfu ishirini ilikuwa ya nini, alikasirika kiasi gani, aliandika ujumbe ule akiwa wapi. Akimaliza, atajua mwenyewe uzito wake.

Siku alipomaliza kusimulia, ndipo tulipojua habari ya muamala.

Kwa wiki nyingi, kila usiku kabla ya kulala, alikuwa anaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, anaandika namba ya marehemu, anaandika mia tano, na kabla ya kuweka namba ya siri anasubiri simu imletee jina la mpokeaji. Mnajua linavyokuja: majina matatu kamili, herufi kubwa tupu. Analisoma. Kisha anaghairi.

Usiku mmoja likaja jina la mwanamke.

Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kuuzwa upya, hilo sote tunalijua, ila hakuna anayelifikiria kwa namba ya rafiki yake. "Nikakaa nimeishika simu," akasema. "Sikujua nifanyeje. Nikamtumia ile mia tano." Mwanamke akapiga dakika hiyohiyo. "Kaka, umekosea namba?" Akamwambia hapana mama, chukua tu. Yule mama akashukuru, akamwombea baraka, akauliza kama ipo nyingine.

Tulicheka hadi mhudumu akaja kuona kuna nini. Ndicho kicheko cha kwanza tangu msibani, na kilitoka kwenye simulizi ya huzuni kuliko zote. Sijui niseme nini zaidi juu yake.

## Siku nne

Dada wa Katekisimu ameajiriwa. Alipoomba ruhusa ya msiba, ofisa utumishi alimuuliza, "Marehemu ni nani yako?"

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Sidhani kama angeweza kuwekwa. Marafiki wangekuwa wanakufa kila Ijumaa. Lakini fikiria kijana aliyeondoka kwao ana miaka kumi na tatu kwenda bweni, akatoka bweni akaenda chuo, akatoka chuo akapanga chumba Kimara. Nusu ya maisha yake mashahidi ni marafiki. Ndugu wanamjua wa likizo. Sisi tunamjua wa mwisho wa mwezi kabla bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, halijaingia, wa usiku wa kuamkia mtihani, wa homa.

Halafu siku ya msiba tunakaa mwisho wa turubai.

Edwin Shneidman, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa utafiti wa kisasa juu ya kujiua, alikisia zamani kwamba kila kifo cha namna hii huacha wafiwa wapatao sita. Makisio hayo yalirudiwa kwa miaka mingi hadi Julie Cerel wa Chuo Kikuu cha Kentucky na wenzake walipofanya hesabu upya, wakakuta kwamba kila kifo kinawafikia watu wapatao 135 waliomfahamu marehemu. Siyo wote wanaovunjika, lakini wamo wanaovunjika wasiohesabiwa na yeyote. Huko Marekani ni 135. Kwetu, ambako msiba hauhitaji mwaliko, sijui kama turubai lingetosha. Na Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Zidisha mwenyewe.

Dada alipewa ruhusa ya siku moja, ikakatwa kwenye likizo yake ya mwaka.

## "Angalau amepumzika"

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Baada ya maziko, hali za WhatsApp na kurasa za Instagram zilijaa picha zake. Anacheka yuko Coco Beach, amevaa joho la mahafali, amepanda pikipiki. Na chini yake maneno ambayo sote tunayaandika bila kuyafikiri: pumzika kaka, mateso yamekwisha, sasa una amani. Niliyaandika na mimi. Kwa aliyefariki kwa ajali au kansa maneno hayo ni faraja. Kwa huyu nilikuwa na shaka nayo, shaka ndogo nisiyoweza kuieleza, na katikati ya msiba nani ana muda wa kuchambua maneno ya rambirambi?

Usiku mmoja, saa nane kasoro, mmoja wa kundi letu aliandika: "Mimi namwelewa. Angalau yeye amepumzika."

Watu watatu wakaweka alama ya moyo.

Shehe aliuona ujumbe alipoamka kuswali. Hakujibu kwenye kundi. Alimpigia simu mwenyewe, na alipopokelewa hakuzunguka mbuyu. "Unafikiria kujiua?" akamuuliza, hivyohivyo.

Tulipokuja kusimuliwa nilishtuka. Mimi nilikulia kwenye imani kwamba jambo hilo halitajwi, kwamba ukilitaja unaliita. Kumbe wataalamu wanasema kinyume: kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo kichwani, na mara nyingi kunampa nafasi ya kwanza ya kulitoa. Huyu mwenzetu alinyamaza kidogo, halafu akasema ndiyo. Shehe akamwambia usikate simu, akapanda bodaboda na simu ikiwa sikioni, akafika kwake kabla ya mapambazuko. Hakumhubiria. Alipika uji. Alihakikisha hamwachi peke yake, na kulipokucha wakapiga simu kwa dada wa mwenzetu huyo, wakaenda watatu hospitali ya rufaa ya mkoa.

Njiani kulikuwa na hofu moja isiyotarajiwa. Dada mtu aliuliza, hawatatuitia polisi? Hakuwa mjinga. Kifungu cha 217 cha Kanuni za Adhabu za Tanzania kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, kilichoweza kumfunga mtu hadi miaka miwili, mpaka tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Hapa kwetu kipo. Mwenzetu hakuwa amejaribu kitu, alikuwa na mawazo tu, na mawazo siyo kosa kwa sheria yoyote. Lakini angalia jinsi sheria ile inavyofanya kazi hata isipotumika: watu watatu wako kwenye bajaji wanakwenda kutafuta tiba, na wanajadiliana wageuze au wasigeuze.

Hawakugeuza. Hospitali hakuna aliyetaja polisi. Kulikuwa na foleni, kulikuwa na benchi la mbao, na kulikuwa na nesi wa kitengo cha afya ya akili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye aliuliza maswali polepole na kuandika kila kitu. Mwenzetu alianza dawa na kurudi kila wiki kuzungumza. Yuko vizuri, na ameniruhusu kuandika aya hizi kwa masharti kwamba nisimtambulishe.

Nesi huyo ndiye aliyetuambia kwamba aliyefiwa na mtu wa karibu kwa kujiua huwa mwenyewe katika hatari zaidi kuliko mfiwa wa kawaida. Ndiyo maana huuliza kila mgonjwa: kuna mtu wako aliyewahi kufa hivi? Tukaomba wote tuonane naye. Akakubali, siku yake ya mapumziko, chini ya mwarobaini nyuma ya jengo, sisi kwenye mabenchi na yeye kwenye kiti alichokitoa ofisini.

(Anayesoma hili na yuko mahali alipokuwa mwenzetu: mwambie mtu mmoja leo, kwa sauti, na nendeni pamoja hospitali iliyo karibu. Kwa Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea simu bure kupitia 1199. Kwa watoto, hapa Tanzania na Kenya pia, ni 116.)

Tuliporudi kwenye kundi, Shehe alipendekeza tuache kuandika "amepumzika." Dada wa kurogwa alikasirika. "Mmeshamnyima kanisa, sasa mnamnyima na mapumziko?" Sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Naamini Shehe yuko sahihi. Naamini pia kwamba dada anahitaji kuamini rafiki yake yuko mahali pema, na hakuna kikao cha WhatsApp chenye mamlaka ya kumkataza. Maneno yameacha kuandikwa kwenye kundi. Kwenye ukurasa wake dada anayaandika, kila mwezi ikifika tarehe ile.

## Alikuwa anapika?

Mama wa marehemu alikuja Dar kuchukua vitu vyake. Mwenye nyumba alikuwa ameshapata mpangaji.

Tulimsaidia kufunga. Godoro, mtungi wa gesi, redio yenye spika moja nzima, begi la vyeti. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile swali la msibani na nimeshapanga la kusema. Hakuliuliza. Aliinua sufuria iliyokuwa na ukoko mweusi pembeni, akaitazama, akauliza, "Alikuwa anapika?"

Alikuwa anapika, tukamwambia. Maharage ya nazi, aliyofundishwa na jirani wa Kitanga, na hakuruhusu mtu mwingine akune nazi. Mama akacheka. Kwao, alisema, hakuwahi hata kuosha kikombe. Akaomba tuendelee. Tukamsimulia alivyokuwa akiiba karata na kukamatwa kila mara. Alivyofukuzwa kwaya ya chuo kwa kuimba sauti ya tatu ambayo haikuwepo. Alivyompeleka mama lishe wa mtaani hospitali ya Mwananyamala usiku na asidai nauli. Alivyokuwa mgumu kulipa madeni, tukasema na hilo, na Mweka Hazina akasema mwenyewe habari ya elfu ishirini. Mama akafungua kitambaa alichofunga pesa. Ilibidi tumshike mkono.

Na dada wa kurogwa, aliyekuwa kimya kwenye kona anakunja mashati, akasema, "Mama, mimi nimemkasirikia."

Nilidhani ukuta utaanguka.

"Hata mimi," mama akasema. "Kila asubuhi. Ikifika mchana imeisha, inarudi kesho."

Tumesoma vitabu, tumeenda hospitali, tumekaa chini ya mwarobaini, na sidhani kama kuna kilichotufaa kuliko alasiri ile ya kufunga godoro. Kwa miezi tulikuwa na mtu mwenye siku moja tu, ile ya mwisho. Pale chumbani tukarudishiwa zilizobaki.

Kabla hajaondoka, mama alitueleza kinachomsumbua. Mdogo wake marehemu yuko kidato cha pili. Aliambiwa kaka aliugua. Shuleni anasikia mengine, na ameanza kuuliza ni ugonjwa gani, mbona hakuna aliyemwona hospitali. "Nyinyi anawaamini," akasema. "Mnaonaje?"

Tumebishana juu ya hilo kuliko tulivyowahi kubishana juu ya chochote. Nesi yeye hana shaka: mtoto aambiwe ukweli kwa maneno machache, na mtu anayempenda, kabla mwenzake wa darasani hajamwambia. Kujiua kupo kwenye maneno hayo, njia haipo. Gumu ni akiuliza kwa nini. Shehe anataka tuseme hatujui. Mweka Hazina anasema huwezi kumwambia mtoto wa miaka 14 hatujui ukanyamaza, atajaza mwenyewe, na atajaza jina lake. Basi tumwambie kaka alikuwa anaumwa ndani, mambo mengi yalimlemea kwa pamoja, na hakuna hata moja lililotoka kwake yeye mdogo wake. Dada anasema hiyo ndefu, atakuwa ameshaacha kusikiliza.

Tumekubaliana kwamba atakayesema ni mama. Sisi tutajibu ya huku mjini, yote atakayouliza. Basi linatoka Mbezi Luis Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tiketi nne zimeshalipiwa, na mimi bado natafuta wa kunishikia zamu.